Samoni wa Luapula: Uhakiki wa Maandiko ya Kitaalamu kuhusu Mpumbu na Uvuvi wa Ziwa Mweru

Ikisiri

Makala haya yanahakiki maandiko ya kitaalamu yaliyojenga uelewa wetu wa uvuvi katika Ziwa Mweru na Mto Luapula, mpakani mwa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mkazo umewekwa kwa mpumbu (Labeo altivelis), samaki ambaye maofisa wa kikoloni walimwita samoni wa Luapula, na ambaye uvuvi wake uliporomoka kabla ya uhuru. Hoja kuu ni kwamba maandiko yenye ushawishi mkubwa katika sera yanalipima ziwa kwa jumla ya tani, na kwa kipimo hicho ziwa linaonekana stahimilivu. Lakini kipimo hicho hakiwezi kuona kupotea kwa samaki anayetegemea njia moja ya mto kwa majuma machache ya mwaka. Sayansi ya samoni, ambayo jina lake liliazimwa bila maudhui yake, inatupa kipimo kingine: kundi linalopandisha mto. Makala yanaonyesha kinachofuata kutokana na hilo kwa msimu wa kufunga uvuvi, kwa ukusanyaji wa takwimu, na kwa mipango ya umeme katika maporomoko ya Luapula.

1.0 Utangulizi

Ziwa Mweru lina eneo la takriban kilomita za mraba 5,000. Maji yake makuu huletwa na Mto Luapula kutoka Bangweulu, na hutoka kwa Mto Luvua huko Pweto kuelekea Lualaba na hatimaye Kongo. Upande wa Zambia, miji ya Nchelenge na Kashikishi ndiyo mialo mikubwa. Upande wa Kongo wapo Kilwa, Pweto na, juu kidogo ya ziwa kando ya mto, Kasenga. Anayefika Nchelenge leo akauliza samaki gani anavuliwa ataonyeshwa kwanza chisense, samaki mdogo wa jamii ya dagaa anayeanikwa juani na kusafirishwa kwa magunia hadi Ukanda wa Shaba na Katanga. Ataonyeshwa pia pale, ngege wa ziwa hili. Mpumbu atamsikia zaidi katika mazungumzo ya wazee kuliko kumwona kwenye meza za soko.

Hali haikuwa hivyo daima. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, mpumbu alikuwa samaki wa biashara aliyelisha wafanyakazi wa migodi ya Katanga. Mvua zilipoanza kuijaza Luapula, makundi makubwa ya samaki hawa yalitoka ziwani na kupandisha mto kwenda kutaga. Wavuvi waliijua safari hiyo, nao wafanyabiashara wa Kigiriki waliokuwa na makao Kasenga waliifuata kwa barafu na vyombo vya kusafirishia. Katika miaka ya 1940 mavuno yalishuka kwa kasi, na mpumbu hakurudi tena kuwa msingi wa biashara ya ziwa.

Mjadala wa kitaalamu kuhusu Mweru tangu wakati huo umekuwa na swali moja lililojificha ndani ya maswali mengine: je, kuporomoka kwa mpumbu ni kanuni au ni tukio la pekee? Anayeliona kuwa kanuni hutaka udhibiti zaidi; anayeliona kuwa tukio la pekee huona udhibiti ni mzigo usio na faida kwa wavuvi. Makala haya yanadai kwamba swali lenyewe limewekwa vibaya, na kwamba kasoro hiyo inaanzia katika kipimo kilichochaguliwa.

2.0 Jina la Kuazima na Kilichokuja Nalo

Peters alimpa samaki huyu jina lake la kisayansi mwaka 1852 kutokana na vielelezo vya Msumbiji. Jina la samoni alipewa baadaye, na waliompa walikuwa watawala waliotoka katika nchi ambako samoni ni samaki wa heshima. Walichokiona kilifanana na kile walichokijua kwao: samaki wakubwa, wenye mayai tele, wakipambana na mkondo kwa wakati mmoja wa mwaka.

Mfanano huo unaishia hapo. Samoni wa Pasifiki huzaliwa mtoni, hukulia baharini, hurudi kwa sehemu kubwa katika mto wake wa asili, hutaga katika kokoto za maji baridi, kisha hufa. Mpumbu ni wa familia ya Cyprinidae, familia moja na kapu. Maisha yake yote ni ya maji baridi ya bara. Huhama kati ya ziwa na mto, si kati ya bahari na mto. Hula mabaki ya mimea na viumbe vidogo vinavyoota kwenye matope na mawe, wala si mwindaji. Hutaga mafuriko yanapopanda, na anaweza kuishi na kutaga tena msimu mwingine. Kwa hiyo tofauti iliyo muhimu kwa msimamizi wa uvuvi ni hii: mafanikio ya mpumbu hayategemei tu ni wazazi wangapi waliofika mahali pa kutagia, bali pia kama maji yalipanda kwa wakati, yakaenea katika mabonde, na yakakaa muda wa kutosha kwa vifaranga kukua.

Jina la kuazima lilisaidia kuingiza mantiki moja ya usimamizi: wazuie wavuvi wakati wa kutaga, nawe utapata samaki kesho. Mantiki hiyo ilipata umbo la kihesabu katika kazi ya Ricker ya mwaka 1954 kuhusu uhusiano kati ya wazazi na kizazi kinachofuata, kazi iliyojengwa kwa kiasi kikubwa juu ya samoni. Katika hesabu hiyo idadi ya wazazi ndiyo kigezo kikuu, na hali ya mazingira huingia kama mtikisiko unaozunguka mstari. Mweru kinyume chake ni karibu na ukweli: maji ndiyo mstari. Junk, Bayley na Sparks walipoeleza mwaka 1989 kwamba uhai wa mito yenye mabonde huendeshwa na mapigo ya mafuriko, walieleza jambo ambalo mvuvi yeyote wa Luapula angelikubali bila mjadala.

Ni lazima, hata hivyo, kutenganisha jina na sayansi. Maofisa waliazima jina na kanuni moja. Hawakuazima, na hawangeweza kuazima wakati ule, jambo ambalo utafiti wa samoni ulikuja kulitambua baadaye: kwamba samoni wa eneo moja si hazina moja, bali ni makundi mengi yenye mito, nyakati na tabia tofauti. Tutalirudia jambo hilo katika sehemu inayofuata, maana ndilo lenye uzito kwa Mweru.

3.0 Hoja ya Ustahimilivu: Nguvu Yake na Pengo Lake

Andiko lililobadilisha mjadala wa uvuvi wa maziwa ya kusini mwa Afrika ni ripoti ya kiufundi namba 426 ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, iliyohaririwa na Jul-Larsen na wenzake mwaka 2003. Ripoti inachunguza maziwa matano: Bangweulu, Chilwa, Kariba, Malombe na Mweru. Sura ya Mweru na Luapula iliandikwa na van Zwieten, Goudswaard na Kapasa. Kichwa chake kinatamka msimamo bila kificho: huu ni uvuvi ambao watu huingia na kutoka kwa uhuru, na rasilimali yake ni stahimilivu.

Hoja ya ripoti ina nguzo tatu. Kwanza, nguvu ya uvuvi katika maziwa haya imeongezeka hasa kwa kuongezeka watu, si kwa kuongezeka mtaji. Wavuvi huja ziwani ajira za migodini zinapopungua, na huondoka zinapopatikana. Pili, mabadiliko ya mavuno hufuata kupanda na kushuka kwa kina cha maji zaidi kuliko kufuata idadi ya wavuvi. Tatu, kwa kuwa hali ni hiyo, sera za kupunguza wavuvi au kupiga marufuku zana fulani hazina msingi imara wa kibiolojia, na gharama yake huwaangukia maskini.

Hoja hii ilikuwa na ujasiri, na sehemu kubwa yake imesimama. Kabla yake, ofisi nyingi za uvuvi ziliamini kwa mazoea kwamba mvuvi mwenye wavu wa macho madogo ni mharibifu. Ripoti ilidai ushahidi wa imani hiyo, na mara nyingi ushahidi haukupatikana. Chisense ni mfano bora. Samaki huyu (Microthrissa moeruensis) huishi muda mfupi, huzaana haraka, na huvuliwa usiku kwa taa. Wavu wake lazima uwe wa macho madogo. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya ngege ilimfanya mvuvi wake aonekane mhalifu. Msomaji wa Afrika Mashariki atakumbuka mjadala kama huo kuhusu dagaa, ingawa inafaa kuzingatia kwamba dagaa wa Ziwa Victoria ni wa familia ya mpumbu, ilhali chisense na dagaa wa Tanganyika ni ndugu wa simu wa baharini.

Pengo la hoja liko katika neno rasilimali. Kinachopimwa ni tani za samaki wote kwa pamoja, au tani za aina chache zinazotawala soko. Welcomme alionyesha mwaka 1999 jinsi uvuvi wa samaki wa aina nyingi unavyoweza kudumisha jumla ileile kwa muda mrefu huku samaki wakubwa wakitoweka na wadogo wakichukua nafasi zao. Mstari wa jumla hubaki tambarare kwa sababu kinachoondoka kinafidiwa na kinachoingia. Kwa hiyo utambarare wa mstari unathibitisha kwamba ziwa linaendelea kutoa chakula, jambo ambalo si dogo. Hauthibitishi kwamba hakuna kilichopotea.

Kuna pia suala la mwanzo wa kuhesabu. Takwimu za mwaka kwa mwaka ambazo uchambuzi wa aina hii huzitegemea zinaanza miaka ya 1950, yaani baada ya mpumbu kuporomoka. Pauly aliandika mwaka 1995 kwamba kila kizazi cha wataalamu huchukua hali iliyoikuta mwanzoni mwa kazi yake kama hali ya kawaida. Katika Mweru, hali ya kawaida ya kitakwimu ni ziwa ambalo tayari limepoteza safari kubwa ya mpumbu. Kuporomoka huko hakufichwi katika maandiko ya mkondo huu. Hutajwa, kisha huwekwa kando kama tukio la pekee lililopita. Lakini tukio lililotokea kabla ya takwimu kuanza haliwezi kupimwa uzito wake kwa takwimu hizohizo.

Hapa ndipo sayansi ya samoni, ile yenyewe, inapokuwa na msaada. Mwaka 1991 Nehlsen, Williams na Lichatowich walichapisha orodha ya makundi 214 ya samoni na samaki wa jamii yake wa pwani ya magharibi ya Marekani yaliyokuwa hatarini. Umuhimu wa orodha hiyo haukuwa idadi tu. Waandishi walihesabu makundi kwa mito yao, si spishi, wala si tani. Spishi moja ingeweza kuwa salama kwa jumla huku kundi la mto fulani likifa. Baadaye, utafiti wa Hilborn na wenzake (2003) na wa Schindler na wenzake (2010) katika Ghuba ya Bristol, Alaska, ulionyesha kwamba uthabiti wa mavuno ya samoni wa huko unatokana na wingi wa makundi madogo yasiyofanikiwa wala kushindwa kwa wakati mmoja. Mto huu ukiharibikiwa mwaka huu, mwingine hufidia.

Tukiisoma ripoti ya mwaka 2003 kwa mwanga huo, ustahimilivu hauwi tena sifa ambayo ziwa linayo tu. Unakuwa zao la utofauti: wa spishi, wa mahali pa kutagia, wa nyakati. Zao hilo linaweza kutumika kidogo kidogo bila mstari wa jumla kutikisika, hadi siku ambayo hakuna tena cha kufidia. Utafiti wa Meier na wenzake wa mwaka 2019, ulioonyesha kwamba Mweru ina makumi ya spishi za jamii ya ngege na furu ambazo hazikuwa zimeelezwa kisayansi, unaongeza uzito wa jambo hili. Ziwa lililofikiriwa kujulikana lilikuwa na utajiri ambao hakuna daftari la mwalo lililowahi kuuandika.

4.0 Historia ya Watu, na Samaki kama Mandhari

Mkondo wa pili wa maandiko ni wa kihistoria. Mwanahistoria wa Zambia, Mwelwa Musambachime, aliandika tasnifu yake ya mwaka 1981 juu ya kukua kwa biashara ya uvuvi Mweru na Luapula kati ya 1920 na 1964, na mwaka 1987 alichapisha uchunguzi wa machafuko ya mwaka 1953 katika eneo hilo. David Gordon alifuata kwa kitabu Nachituti's Gift cha mwaka 2006.

Mchango mkuu wa Musambachime ni kutufundisha kwamba kanuni za uvuvi hazikupokewa kama ushauri wa kibiolojia. Zilifika pamoja na Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, ambalo watu walilipinga, na zikaonekana kuwa sehemu ya jaribio la kuwanyang'anya maji yao. Mshauri wa sera anayeshangaa kwa nini kanuni ya leo hukutana na ukaidi Nchelenge atapata jibu la kwanza hapo: kanuni ya uvuvi ina historia yake ya kisiasa, na historia hiyo haikuanza na sheria ya sasa.

Gordon anaanza mbali zaidi. Katika simulizi inayokipa kitabu chake jina, Nachituti anaomba msaada wa Mwata Kazembe baada ya nduguye Nkuba kumuua mwanawe. Kisasi kinapotimizwa, anamkabidhi Kazembe kapu la udongo na chungu cha maji, alama za nchi na ziwa. Gordon anatumia simulizi hii kueleza namna umiliki wa ziwa ulivyokuwa uhusiano kati ya watu, unaotolewa na kupokewa, badala ya kuwa haki iliyofungwa kwenye hati. Ni usomaji wenye kina, na unamkinga msomaji dhidi ya dhana kwamba ziwa lisilo na hati ni ziwa lisilo na mwenyewe. Anapofika kwa chisense, Gordon anaonyesha uchumi uliokua bila mtaji mkubwa na bila ruhusa ya ofisi, ambamo wanawake wengi walipata nafasi katika biashara.

Udhaifu wa mkondo huu ni wa mpangilio wa masimulizi. Mpumbu, kisha pale, kisha chisense: kila samaki anakuja na zama zake, watu wake na siasa yake. Mpangilio huo unaeleweka katika historia ya jamii, lakini msomaji anaweza kutoka nao akiamini kwamba samaki hupokezana kama tawala, na kwamba zama ya mpumbu imekwisha kama zinavyokwisha zama. Kibiolojia hakuna kupokezana kwa namna hiyo. Chisense hakuchukua nafasi ya mpumbu mtoni. Anaishi katika maji ya wazi ya ziwa. Nafasi ya mpumbu katika mto na mabonde yake ilibaki wazi au ilichukuliwa na wengine, na hilo ni swali la kuchunguzwa mtoni, si sokoni.

Hivyo mikondo miwili iliyotofautiana kwa mbinu inakutana mahali pamoja. Wachambuzi wa takwimu wanamweka mpumbu nje ya mfululizo wao. Wanahistoria wanamweka katika sura iliyofungwa. Katika maandiko yote mawili mpumbu ni marehemu anayeheshimiwa, wala hakuna anayeuliza kama safari yake ingali inafanyika kwa udogo, wapi, na kwa hali gani.

5.0 Ningu: Shahidi wa Karibu

Pingamizi linaweza kutolewa kwamba mpumbu ni kisa kimoja tu, na kisa kimoja hakijengi kanuni. Jibu lipo Ziwa Victoria. Ningu (Labeo victorianus) ni wa jenasi ileile ya mpumbu, naye pia hutoka ziwani mvua zinapoanza na kupandisha mito kwenda kutaga. Alikuwa samaki mashuhuri wa mito inayoingia ziwani, kama Kagera na Nzoia. Cadwalladr, katika uchunguzi wake wa mwaka 1965, alieleza kushuka kwa uvuvi huo na kukuhusisha na nyavu za makila zilizotegwa midomoni mwa mito na kuwanasa samaki wenye mayai kabla hawajafika walikokuwa wakienda.

Tarehe hiyo ni muhimu. Katika fikra za wengi, kila hasara ya Ziwa Victoria huwekwa mlangoni mwa sangara. Lakini sangara alienea kwa wingi miaka ya 1980. Ningu alikuwa amekwisha kushuka. Kilichomshusha kilikuwa kukatwa kwa njia yake katika mlango mwembamba, kwa majuma yaleyale ambayo hakuwa na njia nyingine. Mweru haina sangara kabisa, na bado mpumbu alishuka kwa namna inayofanana. Visa viwili vya jenasi moja, katika maziwa mawili yasiyounganishwa na mto, vinatosha kusema kwamba samaki wa maisha haya ana udhaifu mahususi ambao ngege na dagaa hawana.

Ningu anatufundisha jambo la pili. Uganda, watafiti wakiwemo Rutaisire na Booth walifanikiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kumtagisha ningu kwa njia ya bandia. Ni mafanikio ya kweli ya sayansi ya ukanda wetu. Hata hivyo, vifaranga vya bwawani vinaweza kuongeza samaki. Haviwezi kufungua mdomo wa mto uliozibwa kwa nyavu, wala kurudisha mafuriko yaliyozuiwa. Nchi za samoni zilijenga vituo vingi vya kuzalisha vifaranga kwa zaidi ya karne moja, na bado orodha ya Nehlsen na wenzake ilibidi iandikwe.

6.0 Kinachofuata kwa Sera

Kanuni inayogusa maisha ya Nchelenge kuliko zote ni kufungwa kwa uvuvi kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Watetezi wake husema samaki wanazaana. Wapinzani wake, wakitegemea hoja za mwaka 2003, husema haina ushahidi. Uhakiki huu unaonyesha kwamba pande zote mbili zinabishana juu ya kitu kisicho kimoja. Kwa samaki anayepandisha mto, kufunga midomo ya mito na njia kuu za Luapula mafuriko yanapopanda ni hatua yenye msingi wa kibiolojia. Kwa samaki mdogo wa maji ya wazi, msingi huo haupo, na mzigo wa miezi mitatu bila kipato unabebwa na mvuvi wa taa na mwanamke mchuuzi. Sera bora zaidi ingekuwa kali mtoni na nyepesi ziwani. Ingekuwa pia rahisi kuielezea, maana mwananchi huona kwa macho samaki mwenye mayai akipanda mto.

Kanuni hiyo haiwezi kusimama upande mmoja wa maji. Luapula ni mpaka. Wavu uliotolewa ukingo wa Zambia unaweza kutegwa ukingo wa Kongo, na samaki hana pasi. Makubaliano ya Zambia na Kongo juu ya majuma ya safari ya samaki, hata kama ni machache, yana thamani zaidi ya miezi mitatu ya ukingo mmoja.

Pili ni takwimu. Daftari la mwalo linaloandika tani za samaki halitamwona mpumbu akirudi wala akitoweka. Kinachohitajika si mradi mkubwa: ni kuandika kwa spishi, katika vituo vichache vya mtoni, katika siku za mafuriko, na kuweka kina cha maji kando ya idadi ya samaki. Wazee wanaoijua safari ya mpumbu ni chanzo cha kwanza cha kuchagua vituo hivyo, na ushahidi wao unapungua kila mwaka.

Tatu, na zito zaidi, ni umeme. Maporomoko ya Luapula, Mambilima na Mumbotuta yakiwemo, yamejadiliwa kwa muda mrefu na serikali mbili kama mahali pa kuzalisha umeme, na hakuna anayeishi Luapula atakayedharau hitaji hilo. Hapa ndipo kipimo cha tani kinapokuwa hatari. Mshauri atakayeuliza kama bwawa litapunguza mavuno ya Ziwa Mweru anaweza kujibiwa kwamba chisense hategemei mto, na jibu hilo litakuwa sahihi kwa kiasi chake. Swali linalopaswa kuulizwa ni mafuriko yatafika lini, kwa urefu gani, na kwa muda gani katika mabonde yaliyo chini ya maporomoko. Hata bwawa lisilokata njia ya samaki linaweza kuondoa ishara inayomwamsha.

Historia ya samoni ina funzo la gharama katika hili. Bwawa la Grand Coulee kwenye Mto Columbia, lililokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1940, lilijengwa bila ngazi za kupandia samaki na likaifunga sehemu ya juu ya mto kwa samoni hadi leo. Baada ya miongo mingi, Marekani ililipia kubomoa mabwawa ya Mto Elwha kati ya 2011 na 2014, na ya Mto Klamath yaliyokamilika kubomolewa mwaka 2024, ili samaki wapite. Zambia na Kongo bado hazijajenga. Swali likiulizwa kabla ya saruji kumwagwa, gharama yake ni ya vituo vichache vya vipimo.

Nne, lugha. Maarifa ya ziwa hili yamegawanywa na mpaka uleule unaoligawa ziwa. De Kimpe aliandika utafiti wake wa Luapula na Mweru mwaka 1964 kwa Kifaransa. Jackson aliandika juu ya samaki wa Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1961 kwa Kiingereza. Kando ya maji, Kibemba na Kiswahili cha Katanga hukutana kila siku katika biashara ya samaki. Tangu 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ambayo Zambia na Kongo ni wanachama wake. Makubaliano ya uvuvi yanayosomeka na mvuvi wa Kilwa na kuelezwa kwa Kibemba kwa mvuvi wa Kashikishi yangekuwa matumizi halisi ya hadhi hiyo. Yangehitaji pia kutaja mpumbu kwa jina lake, badala ya lile la kuazima.

7.0 Hitimisho

Makala haya hayadai kwamba ripoti ya mwaka 2003 ilikosea kuhusu Mweru kwa jumla, wala kwamba historia ya Gordon na Musambachime ina upungufu katika lile ililokusudia. Yanadai kwamba ustahimilivu wa jumla na kupotea kwa mpumbu ni kweli zote mbili kwa wakati mmoja, na kwamba sera iliyojengwa juu ya ukweli wa kwanza pekee itafanya uamuzi kuhusu mto bila kuuona mto. Kipimo cha tani kinafaa kuuliza kama watu watakula. Kipimo cha kundi linalopandisha kinafaa kuuliza kama ziwa litabaki na njia zaidi ya moja ya kuwalisha. Watafiti wa ukanda huu wanao uwezo wa kuanza kutumia kipimo hicho cha pili katika msimu wowote wa mvua unaokuja, na washauri wa serikali hizi mbili wana sababu ya kukidai kabla ya kutia saini chochote kinachohusu maporomoko ya Luapula.